Chandarua cha Bi Hajira

Nimezibua mabomba ya Ikwiriri kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo ni mtu mmoja tu aliyewahi kunisikiliza. Wengine hunisikiliza siku maji machafu yanapowafika vidoleni. Siku hiyo nikisema neno wanaitikia kwa heshima zote, sawa fundi, tumeelewa fundi, kisha nikigeuza kisogo machicha ya nazi yanarudi kwenye sinki, mafuta ya kukaangia samaki yanafuata, na kabla miezi mitatu haijaisha simu inaita. Mtu huyo mmoja hakuwa na sinki, wala nyumba. Alikuwa Bi Hajira, mwosha maiti wa wanawake, mpangaji wa chumba kimoja nyuma ya stendi. Nataka kumwandika sasa, kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka husahau mambo ambayo hakupaswa kuyasahau.

Alizaliwa Mkongo kwa wakulima wa mpunga, akaolewa Ikwiriri na mwanamume aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa. Mume alifariki mapema. Mtoto wao mmoja alikwenda Lindi akaoa huko, akawa mtu wa kupiga simu siku ya Idi. Kazi ya kuosha maiti Bi Hajira aliipata kwa shangazi yake, ambaye alimshika mkono akiwa na miaka ishirini na miwili akamwambia asimame hapa, amwage maji taratibu, na atakachokiona asikisimulie. Hilo ndilo sharti kubwa la kazi ile. Mwosha maiti huona makovu, huona ugonjwa, huona ambayo hata mume wa marehemu hakuwahi kuyaona, na yote hayo anatoka nayo bafuni akiwa amefunga mdomo. Bi Hajira alifunga mdomo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Huko Mkongo, alivyonieleza, kabla ya josho la maiti wanaume walichimba ufuo uani, shimo refu kiasi cha kitanda. Maiti alioshwa juu yake, maji yote yakanywewa na ardhi, shimo likafukiwa, habari ikaishia hapo. Ikwiriri ya sasa haina pa kuchimba. Watu wamesakafia ua hadi ukutani, utadhani udongo ni ugonjwa. Marehemu anaoshewa bafuni juu ya vigae, na maji yanaingia kwenye tundu la sakafuni, na yakishaingia humo yamekuwa kazi yangu.

Sasa, josho lina mpangilio wake. Maji ya kwanza hutiwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa mpaka yatoe povu. Ya mwisho hutiwa kafuri. Hapo katikati kuna pamba. Ukiyapeleka majani yale yaliyotwangwa kwenye bomba la inchi mbili ambalo tayari lina mafuta ya miaka kadhaa, yanashikana na mafuta, yanashikana na machicha, na baada ya siku mbili tatu hakipiti kitu. Nililijua hilo miaka tisa kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia, kwenye nyumba moja karibu na soko, nilipotoa majani ndoo nzima. Niliuliza kwa hasira nani aliyeosha maiti hapa. Wakanitajia Bi Hajira, nikaondoka na glovu zangu mkononi mpaka mlangoni kwake.

Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza nikifoka mwanzo hadi mwisho, akaweka ungo chini, akauliza, "Basi nifanyeje, mwanangu?"

Naomba mnielewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza nitamaliza saa ngapi. Hasira yote iliniishia pale pale, nikakaa kwenye kibao chake na kumweleza: funika tundu kwa wavu, mwaga maji kidogo kidogo, majani yanayobaki juu yakusanye kwa mkono, na mkimaliza mmimine ndoo ya maji ya moto. Nilimwambia na kurudi nyumbani nikijua ni yale yale ya kila siku. Kesho yake asubuhi alikuja kwangu na kipande cha chandarua kikuukuu alichokikunja mara nne, akakipinda pembeni kwa sindano, akapitisha kamba ya kukazia. Aliuliza kama kinafaa. Kilifaa kuliko vichujio vyote ninavyoviona madukani.

Kuanzia siku hiyo kila alikokwenda alikwenda na chandarua chake kwenye mfuko, pamoja na mkasi na udi. Majani aliyoyakusanya hakuyatupa jaani. Alitafuta mahali penye udongo, nyuma ya msikiti au kando ya makaburi, akayafukia, kwa kuwa alisema yamegusa mtu. Miaka tisa sikuwahi kuitwa kwenye nyumba aliyoosha yeye kwa ajili ya tundu la bafuni. Jikoni niliitwa, na sana, lakini hilo halikumhusu.

Alichoka mapema kuliko watu walivyotaka kujua. Magoti yalimuuma, na bafu zetu ni za kuinama. Alitafuta mwanamke wa kumrithisha hakumpata, maana wasichana wa siku hizi wanaogopa maiti kuliko wanavyoogopa dhambi. Masika ya mwaka juzi, bonde lilipojaa maji na mashimo ya vyoo yakaanza kutapika mji mzima, mimi na yeye tulikuwa tunakutana njiani kama watu wa zamu moja, mimi natoka kwenye chemba ya mtu, yeye anatoka kwenye josho la mtu. Siku moja alisimama katikati ya matope akaniambia, "Nshachoka, Faraji. Nnaomba Mungu anipumzishe kidogo tu." Nilimwambia na mimi aniombee. Tukacheka, kila mtu akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo akafariki Bi Sihaba.

Bi Sihaba alikuwa mama yake Saadi, mfanyabiashara wa ufuta aliyejenga nyumba ya vigae upande wa kutokea Umwe. Alihamia kwa mwanawe miaka minne kabla, na miezi saba ya mwisho aliuguzwa na mkwewe Zena, mke wa Saadi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mtu wa Mkongo pia. Ikwiriri nzima ilijua kwamba mama mkwe na mkwe hawaivi. Nami nilijua ni kwa nini, kwa kuwa nilikuwa nasikia nikiwa nimelala chali chini ya sinki lao. Bi Sihaba alipika kwa nazi kila siku ya Mungu na machicha yote aliyasukumia kwenye tundu la sinki kwa kidole. Zena alimwambia, mama, fundi amekataza. Bi Sihaba alijibu kwamba yeye hafundishwi kupika na mtu aliyezaliwa jana, na sauti yake ilifika barabarani. Majirani walisikia ugomvi, hawakusikia kwamba ni ugomvi wa machicha.

Siku Bi Sihaba alipofariki, kulikuwa na msiba mwingine Umwe. Bi Hajira alianzia huko alfajiri. Alipomaliza aliosha chandarua, akakitundika kwenye ua wa miti kikauke, akaingia kumsaidia mfiwa mmoja aliyezimia. Pikipiki ya kina Saadi ikamkuta huko huko. Haraka, mama, wanataka kuzika kabla ya alasiri, mvua inakuja. Akapanda. Alipofika bafuni kwa Saadi na kufungua mfuko wake, chandarua hakikuwemo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, neno kwa neno, wala hakujitetea. Alisema alisimama akalitazama lile tundu. Alifikiria kuomba kitambaa. Alifikiria kumtuma mtu Umwe. Magoti yalikuwa yanawaka moto, tangu jana yake hakuwa amekula, na nje wanaume walikuwa wanauliza bado tu. Akajisemea moyoni, leo tu. Akaanza kumwaga maji.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitima. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wanasoma, wanawake wamejaa barazani nyuma wakiosha masufuria ya pilau, na maji ya masufuria yale, yenye mafuta ya kutosha kulainisha gari, yalikuwa yanakwenda kwenye bomba lile lile kwa siku mbili. Maana aliyejenga nyumba ile, Mungu amsamehe, aliunganisha jiko na bafu kwenye bomba moja la inchi mbili. Nilishamwambia Saadi mara tatu. Saa nne asubuhi maji yakaanza kupanda kwenye tundu la bafuni. Yakatoka bafuni, yakaingia ukumbini, yakapita chini ya mikeka, na yalikuwa yananuka kafuri.

Hapo ndipo watu waliposimama. Maji machafu kila mtu anayajua. Lakini harufu ile kila mtu aliyekuwepo alikuwa ameinusa siku ya maziko, na sasa inarudi ndani ya nyumba siku ya tatu, wakati anasomewa. Mwanamke mmoja alianza kulia upya. Mwanasiti, binti mkubwa wa marehemu, dada yake Saadi aliyetoka Kibiti, alisimama katikati ya ukumbi maji yakimzunguka miguu akasema mama yake amekataa kuondoka. Amerudi kwa sababu ana kinyongo. Na akamtazama Zena.

Hakuna aliyeuliza kinyongo cha nini. Wote walishausikia ule ugomvi wa barabarani. Nilipofika na fito zangu za kuzibulia na ndoo, Zena alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, begi lake limewekwa mbele yake. Saadi, mtu mwenye akili timamu anayejua kupima magunia ya ufuta kwa jicho, alikuwa amemwambia aende kwao Mkongo mpaka wazee wakae. Kila mtu pale alijua maana yake. Mwanamke anayeondolewa msibani siku ya tatu kwa sababu ya kinyongo cha maiti harudi, na popote atakapoolewa tena jambo hilo litatangulia kufika. Zena hakuwa analia. Alikuwa anatazama masufuria ambayo hayajaoshwa.

Mimi nilikuwa na hasira, lakini hasira ya fundi haina pa kwenda isipokuwa kazini. Nikafunua chemba ya nyuma, ile ya saruji yenye mfuniko ambako bomba la nyumba linamwagia. Ilikuwa kavu. Kwa hiyo shimo kubwa halikuwa limejaa, bomba lilikuwa limeziba kati ya bafu na pale nilipopiga magoti. Nikaingiza fito kwenye mdomo wa bomba, nikasukuma, nikavuta, nikasukuma. Kikaanza kuja kichwa cha uchafu. Kilikuwa cha kijani.

Nilijua mara moja. Nilishika kile kichwa kwa vidole, na nyuma ya majani nikaona kuna kitu kingine kinakuja, kilichopita tunduni pamoja na maji ya josho, na wakati huo huo nikasikia mtu anashuka ngazi kwa shida, goti moja baada ya jingine.

"Toa mkono wako, mwanangu," alisema Bi Hajira. "Hicho ni changu."

Alikuwa amekaa na wanawake barazani tangu asubuhi. Harufu ya kafuri ilipopanda, yeye alijua kabla ya mtu yeyote. Nilimpa glovu zangu. Akapiga magoti kwenye saruji, magoti yale yale, akaniambia nisimame kati yake na watu na nitazame kwingine. Nikasimama, nikatazama ukuta. Niliyoyaona kabla ya kugeuka yalinitosha kuelewa kwamba kama mwanamume kama mimi angevuta kile kitu mbele ya watu, Ikwiriri nzima ingejua Bi Sihaba aliugua nini, na Bi Sihaba alikuwa amemficha hata mwanawe. Aliyejua ni Zena aliyemuuguza, na Bi Hajira aliyemwosha. Na Zena alikuwa amekaa pale na begi lake, akisingiziwa, na hakuwa amefungua mdomo kujitetea kwa siri ile. Nikiandika zaidi ya hapo nitakuwa nimevunja nilichomwahidi Bi Hajira.

Nilisikia Bi Hajira akifunga kitu kwenye pindo la kanga yake ya ndani. Kisha akaanza kutoa majani, bonge kwa bonge, kuyaweka kwenye ndoo yangu. Nikainama nikamwambia taratibu kwamba majani peke yake hayazibi bomba. Humu kuna machicha ya miaka minne, yeye kaja kufunga tu mlango ambao wengine walishausukuma. Nilikuwa tayari kwenda kusema mbele ya wote.

"Machicha ya nani?" akaniuliza.

Nikaanza kufuta fito zangu.

"Basi usimtaje. Hayupo wa kujibu."

Niliona hapo nia yake yote, na niliichukia. Ningeyataja machicha, ugomvi ungerudi pale pale, kwamba mkwe amemsema marehemu hata kaburini. Angetaja kitu alichokifunga kwenye kanga, angevunja amana ya miaka arobaini. Palibaki jambo moja tu la kusema, nalo lilikuwa baya kwake peke yake. Aliniomba nimshike mkono asimame. Akachukua ndoo akapanda nayo ngazi, mimi nyuma yake, akaiweka katikati ya ukumbi kwenye maji, mbele ya Mwanasiti na Saadi na wazee waliokuwa wameacha kusoma.

"Mama yenu hana kinyongo na mtu," alisema. "Ameondoka vizuri, mimi ndiye niliyemvika sanda. Kilichorudisha maji ni majani haya. Siku ile sikuweka wavu. Nilichoka nikasema leo tu. Kosa ni langu, Zena hahusiki."

Maji yaligugumia bafuni, yakaanza kushuka. Mwanasiti aliitazama ndoo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na nadhani sauti ya chini ndiyo iliyouma, "Kwa hiyo katika wote, mama yangu ndiye uliyeamua kumchokea."

"Ndiyo," alisema Bi Hajira.

Nilitaka kuwaambia kwamba miaka tisa yote mtu huyu amefukia majani ya mama zenu kwa mikono yake, na nyinyi hamjawahi kuchuja hata majani ya chai. Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Saadi alikohoa. Alimwambia mkewe arudishe begi ndani, kwa namna ya mtu anayeomba aletewe maji ya kunywa. Zena alilirudisha begi, akatoka, akakunja kanga kiunoni, akaendelea kuosha masufuria. Lakini kabla ya kuosha niliona anafuta mafuta kwa karatasi na kukung'uta makombo kwenye mfuko, kama nilivyomwelekeza zamani, na safari hii hakuna mtu aliyemcheka.

Bi Hajira aliondoka na ndoo yangu. Aliirudisha jioni, imesuguliwa.

Baada ya hapo hawakumwita. Mji wetu mdogo, maneno yanatembea kwa miguu na kufika mapema kuliko pikipiki. Ilisemekana anachokea maiti. Walifariki wanawake wawili mwezi uliofuata, wakaletwa waosha kutoka Kibiti, na nyumba moja kati ya hizo mbili niliitwa siku ya nne kuzibua bafu, nikatoa majani ndoo nzima. Nilikuwa nimechoka kusema.

Nilikuwa nikipita kwake. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, miguu ameinyoosha, hana la kufanya. Niliwahi kumtania kwamba dua yake imekubaliwa, amepumzika. Ulikuwa utani mbaya, na nilijua ni mbaya kabla sijaumaliza.

"Niliomba kupumzika," alisema. "Sikuomba kuachwa."

Kile chandarua hakikurudi tena. Walipokwenda kukitafuta Umwe, walikuta kimeokotwa na mtu, labda amefungia vifaranga.

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha siku moja Zena alipiga hodi mlangoni kwake, na mkononi alikuwa na chandarua kipya, kimekunjwa mara nne, kimepindwa kwa cherehani, kina kamba. Alikuwa amekishona kwa kukumbuka alichokiona kwenye misiba mingine. Alimwambia Bi Hajira, nifundishe. Bi Hajira alimuuliza kama haogopi maiti. Zena alijibu kwamba alimwosha mama mkwe miezi saba akiwa hai, sasa abaki kuogopa nini. Bi Hajira alinisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara alilalamika kwamba mishono ya cherehani ni ya kivivu, maji yatapenya pembeni. Alikifumua chote akakishona upya kwa mkono.

Siwezi kusema mji ulimwomba msamaha, haukumwomba. Walianza kumwita tena kwa sababu waosha wa Kibiti wako mbali na Zena aliitwa na majirani zake, na Zena hakukubali kwenda bila Bi Hajira. Mmoja akawa anainama, mwingine amekaa kwenye kiti cha plastiki anaelekeza. Mwanasiti hakuwahi kumwamkia tena. Bi Hajira alisema ana haki.

Mwaka huu, masika yalipoanza, Bi Hajira aliugua siku tano akafariki. Mtoto wa Lindi aliarifiwa, akaja akiwa amechoka na basi. Saa mbili asubuhi Zena alinipigia simu. Sikuuliza kuna nini, nilibeba fito zangu nikaenda.

Nyumba aliyokuwa amepanga ina wapangaji sita, bafu moja na ua uliosakafiwa wote, kama kawaida. Nilifunua chemba nikakuta yale yale: machicha, mafuta yaliyoganda, nywele, na kijiko. Niliwatoa wapangaji nje mmoja mmoja nikawauliza kijiko cha nani, wala sikujali kama ni msiba. Nilisafisha bomba lote, nikamimina ndoo tatu za maji ya moto mpaka zikapita zinakimbia. Zena akaja, macho yamevimba, chandarua mkononi.

"Fundi, kaa hapo kwenye chemba utuangalizie," alisema. "Ukiona hata jani moja, gonga ukuta."

Wakafunga mlango wa bafu. Niliketi chini na mfuniko pembeni yangu. Kwa muda hapakuwa na kitu, kisha maji ya kwanza yakaja, ya kijani hafifu, yana povu. Niliinama nikayatazama. Hapakuwa na jani. Yakaja mengine meupe, taratibu, kidogo kidogo, kama nilivyomwelekeza yeye siku ile nikiwa na hasira. Ya mwisho yalikuwa na kafuri. Nililia pale pale, uso karibu na tundu la maji machafu, na nikasikia uchungu kwamba katika miaka yote hii sikuwahi kumwambia kuwa yeye ndiye peke yake aliyenisikiliza.

Sikugonga ukuta.

Zena alitoka na ndoo ya majani, akaniuliza tuyafukie wapi, kwa sababu marehemu hakupenda yatupwe. Tukautazama ua, saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikwenda kuazima sululu kwa mtu wa jirani. Nikavunja kona moja mpaka nikafikia udongo, mweusi, umelowa, tukayafukia humo. Mwenye nyumba alikuja akasimama juu yangu akauliza nani atairudishia sakafu yake. Nilimwambia aiache hivyo hivyo, maji ya mvua nayo yapate pa kuingilia.